Miche ya Jumatatu

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mume wangu husema siwezi kuona mfuko ukiingia nyumbani bila kuufungua, hata kama ni wa makaa. Sikatai. Kazini ndivyo nilivyopata usimamizi wa greenhouse namba tatu, nyumba ya plastiki ya kukuzia mimea: bosi wetu Wahome aliona kwamba mtu anayeuliza kila kitu hapitwi na kitu, akanipa koti jeupe na kalamu. Nafikiri siku hizi anajuta kunipa ile kalamu.

Shamba letu liko kati ya Kitengela na Kisaju, na halikuzi nyanya za kuliwa. Tunakuza miche. Tunachukua shina la nyanya ngumu isiyoogopa udongo mbaya, tunalikata, tunalipandikizia kichwa cha nyanya inayozaa sana, tunabana kwa klipu ndogo kuliko ukucha, kisha tunangoja viungane. Ni kazi ya mikono mitulivu. Na adui yake mkubwa si wadudu wala kiangazi, ni kirusi kinachoishi ndani ya jani la tumbaku. Likaushe jani hilo, lisage, lifunge kwenye paketi, kirusi bado kimo, kinangoja mkono. Ukishika tumbaku kisha ushike mche, siku kumi na mbili hivi baadaye majani yake yanapata madoa ya kijani na manjano, yanajikunja, na trei nzima inaenda kuchomwa.

Kwa hiyo tuna sheria. Sigara ni marufuku tangu getini. Kabla ya kugusa mche unanawa kwa sabuni, halafu unachovya mikono kwenye ndoo ya maziwa ya unga yaliyokorogwa, kwa sababu maziwa humziba pumzi yule adui. Siku nilipomweleza Kokoo, mama yake mama yangu, kwamba kila asubuhi watu themanini huchovya mikono kwenye maziwa na baadaye maziwa hayo humwagwa, aliniambia nirudie. Kisha akauliza kama mwenye shamba hana ndugu wa kumkalisha chini.

Mwezi wa pili madoa yalianza katika greenhouse yangu. Trei tatu, kisha kumi na moja, kisha sikuwa nahesabu tena, nilikuwa nabeba tu kwenda kuchoma. Ofisi kuu Nairobi ikatuma amri: kila mfanyakazi apimwe nikotini kwenye mkojo. Si wavuta sigara pekee, hata wale wa vape, ile sigara ya umeme ambayo vijana huitoa mfukoni kama kalamu na kupuliza mvuke wenye harufu ya peremende. Atakayepatikana nayo mwilini atasimamishwa, kisha aitwe kwenye kikao cha nidhamu.

Sijawahi kuona shamba likinywa maji kiasi kile. Vijana wa umwagiliaji walitembea na chupa za lita mbili kila mmoja, na ndimu zikaadimika kwenye vibanda vya Kisaju. Kuna mtu alitupa vape yake kwenye choo cha shimo, na uvumi ukaenea kwamba taa yake iliwaka humo chini siku mbili. Nilikwenda kuchungulia. Haikuwa ikiwaka.

Ndolo hakunywa maji wala ndimu. Alikuwa fundi wetu bora wa kupandikiza, Mkamba mwembamba mwenye vidole vya mshonaji, na ndiye aliyenifundisha kushika wembe nilipoajiriwa. Zamani alivuta sigara. Alipoandikwa kazi aliambiwa achague kati ya sigara na miche, akachagua miche, na vape ndiyo iliyomsaidia kuachana na sigara. Aliitumia barabarani akingoja basi la kampuni, mbele ya kila mtu, kwa sababu hakuona kosa. Mkewe Syokau alikuwa na mimba ya miezi saba, na Ndolo alikuwa ameanza kuniuliza bei ya vitanda vya watoto pale Kitengela.

Siku ya kupimwa, Jumatano, mimi ndiye niliyesimama nje ya choo na trei ya vikombe. Kabla ya kupima tulijaza fomu: je, unavuta, unatafuna au unanusa tumbaku? Nilitia alama ya hapana bila hata kuketi, na kipimo changu kikakubaliana nami. Cha Ndolo kilikataa, kikaonyesha nikotini. Jioni hiyo alipewa barua ya kusimamishwa na tarehe ya kikao, Jumanne, karibu wiki tatu mbele. Wahome aliandikia Nairobi kwamba chanzo cha ugonjwa kimepatikana.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Miche yangu ilikuwa inakufa na hatimaye kulikuwa na mtu wa kubeba lawama. Nilimsindikiza Ndolo kuchukua jaketi lake kwenye kabati, nikijitahidi kuweka uso wa huzuni, naye akanitolea ile vape mfukoni, akaniwekea mkononi.

"Mama Lemein, angalia hii kitu vizuri," akasema. "Hakuna jani hapa ndani. Ni maji iko na dawa. Sasa hiyo kirusi itaishi wapi?"

Angenitukana ningelala vizuri. Lakini aliniachia swali, na swali kwangu ni kama jiwe ndani ya kiatu.

Kesho yake nilimpelekea Wahome swali hilo. Alinijibu kwamba nikotini ni tumbaku, tumbaku ni kirusi, na kwamba nisimletee maswali ya mtihani wakati ana malori ya kupakia. Basi nikachukua kipande cha katoni nikachora greenhouse yangu yote, meza kwa meza, nikatia msalaba kila mahali palipokuwa na trei yenye ugonjwa tangu mwanzo. Nilikuwa na tarehe zote kwenye daftari la ukaguzi. Kazi hiyo ilinichukua mapumziko mawili ya chakula cha mchana, na sikuhisi njaa.

Ndolo alipandikiza miche ya meza zote. Kama mikono yake ndiyo ilikuwa michafu, misalaba ingetawanyika kote, kama maharagwe kati ya mahindi ya githeri. Haikutawanyika. Ilijaa upande wa kushoto karibu na mlango, ikapungua meza ya pili, ikawa michache meza ya tatu, na meza ya nne ikaisha kabisa. Ilikuwa wazi kwamba mtu aliingia na mikono michafu, akawa anaipangusa kwenye majani kadiri alivyokwenda, mpaka ikatakata. Na nilipohesabu siku kurudi nyuma kutoka kwa kila msalaba, karibu yote iliangukia Jumatatu.

Nikajiuliza ni nani huingia akianzia upande wa kushoto kila Jumatatu. Nikacheka peke yangu, kwa sababu jibu lilikuwa la kipumbavu. Ni mimi. Jumatatu hufanya ukaguzi wa wiki saa kumi na mbili na nusu, kabla watu hawajafika, nikiinua kila trei na kugeuza majani. Ndoo ya maziwa hukorogwa saa moja, mwenye stoo akishafungua, hivyo siku hiyo hunawa kwa sabuni haraka haraka nikaingia. Lakini mimi sivuti kitu. Nina hata karatasi. Nikaiweka ile katoni nyuma ya kabati nikidhani nimekosea hesabu.

Jumapili nilikwenda kwa Kokoo, kama kila Jumapili. Anakaa ndani kidogo ukitoka Kisaju, na huwa nalala kwake, nikitoka Jumatatu asubuhi kwenda kazini moja kwa moja. Kokoo hunusa ugoro tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Hataki ule wa kununua umesagwa tayari, anasema umechanganywa na vumbi la barabara. Mimi humnunulia majani soko la Kajiado, nikayasaga kwenye jiwe pamoja na magadi, mpaka yawe unga laini. Tangu mwezi wa kwanza vidole vyake vimekauka, haviwezi kufungua kile kikopo anachovaa shingoni, hivyo Jumatatu kabla ya kutoka humjazia, nikamwekea na kile kidogo cha asubuhi kwenye kiganja. Ni kazi ya mjukuu. Dada zangu walioolewa mbali huona wivu kwamba heshima hiyo imeniangukia.

Nilikuwa nasaga, nikimsikiliza akimsengenya mke wa mchungaji, nilipoangalia mikono yangu. Unga ulikuwa umejaa kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja, chini ya pete. Nikaacha kusaga.

Sijui nitaelezaje kwa mtu asiye wa kwetu. Kwetu anayetumia tumbaku ni yule anayenusa. Anayeisaga ana bibi tu. Anayemkamulia jirani ng'ombe hageuki kuwa mwenye ng'ombe. Ile fomu iliuliza kama navuta, natafuna au nanusa, na mbele ya Mungu nilijibu ukweli. Miaka sita nimewafukuza wavuta sigara getini na hata mara moja haikunijia akilini kwamba ugoro wa Kokoo ni tumbaku. Ulikuwa ugoro wa Kokoo.

Niliogopa. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, maana mwenye karatasi safi ni mimi. Nikajiambia kwamba kwanza lazima nihakikishe, kwamba huwezi kuvuruga shamba zima kwa misalaba ya katoni. Hilo lilikuwa kweli. Pia lilikuwa njia ya kununua siku, na nilijua hivyo hata wakati najiambia.

Nilimpigia Ndolo simu, nikamwomba aje kwa Kokoo asubuhi ya Jumatatu, nikatuma ujumbe kazini kwamba nitachelewa. Alikuja na trei mbili za miche safi nilizomwambia aninunulie kwenye duka la pembejeo Kitengela. Kokoo alimsalimu "Sopa" na yeye akajibu "Ipa" vizuri kabisa, akapewa chai. Nikamwonyesha trei moja, nikamwambia avute vape yake, apake mate na mvuke na jasho lake lote kwenye yale majani, asibakishe kitu. Alifanya kazi hiyo kwa bidii kama ya kulipwa. Nyumba nzima ilinuka stroberi. Kokoo aliomba kile kifaa, akakinusa pande zote, akaamua kwamba ni peremende ya watu wanaoogopa tumbaku.

"Na hiyo ingine ni ya nini?" Ndolo akauliza.

Nilimwambia ni ya kulinganisha. Alipoondoka nilijaza kikopo cha Kokoo, nikamwekea cha kiganjani, kisha bila kunawa nikaigusa trei ya pili, jani moja baada ya jingine, jinsi nifanyavyo kwenye ukaguzi. Nikaziweka mbali mbali, moja nyuma ya jikoni, nyingine kwenye kibanda cha kuku ambacho siku hizi hakina kuku.

Kutoka siku hiyo kazini nilivaa glavu, nikangoja ndoo ya maziwa, na Jumatatu nilianza ukaguzi saa mbili. Wiki moja hivi misalaba iliendelea, ile ya ugonjwa uliokuwa tayari umeingia, kisha ikakoma. Hakuna trei mpya. Wahome alikuja greenhouse yangu mwenyewe, akazunguka mikono mgongoni, akafurahi.

"Umeona?" akaniambia. "Ndolo ameenda, na ugonjwa umeenda."

Nilisikia hayo nikasema ndiyo, boss. Najichukia kwa hiyo ndiyo mpaka leo.

Kila jioni nilimpigia Kokoo kuuliza habari za miche. Alidhani nimepata wazimu, lakini mtu aliyekua akitazama ndama hukuelezea kitu kwa usahihi kuliko daktari. Siku ya nne alisema zote zinapendeza. Siku ya tisa alisema ile ya nyuma ya jikoni inanenepa na ile ya kibanda inasikitika. Siku ya kumi na mbili aliniambia kwa Kimaasai, taratibu, kwamba ile ya jikoni ni kijani tupu, na ile ya kibanda imegeuka ndama wa madoa.

Nilikuwa nimesimama dukani Kitengela na mkate mkononi. Nilitamani sana kuwa nimekosea.

Ilibaki siku tatu kikao kifanyike. Sikumpigia Ndolo. Nilijiambia habari kama hiyo haisemwi kwa simu.

Jumanne hiyo nilikodi boda kutoka kwa Kokoo na trei zangu mbili, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Elphas, mlinzi wetu, alinizuia getini. Hakuna mmea wa nje unaoingia, akasema, na mtu aliyeshika mmea mgonjwa haingii mpaka abadilishe nguo zote. Alikuwa sahihi kabisa, amri hiyo niliiandika mimi. Basi nikamwambia amwite Wahome atoke nje. Ndolo alikuwa tayari amefika, amekaa kwenye benchi la wageni ndani ya geti, amevaa jaketi lake la kanisani, na aliponiona na trei akasimama, akatoka akaja karibu nami.

Wahome alitoka na faili kwapani, mwenye haraka. Nikafungua mifuko, nikaweka trei juu ya ukuta mfupi wa geti. Mtoto wa nasari angeona tofauti. Nilimweleza kwamba trei moja iliguswa na Ndolo na vape yake na nyingine na mimi, bila kusema ipi ni ya nani, na yeye akaonyesha ile ya madoa kwa kalamu.

"Hii ya madoa ni ya Ndolo."

"Hapana, boss. Ya Ndolo ni hiyo ya kijani. Ya madoa ni yangu."

Nikamweleza ugoro. Nikamweleza Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, ndoo isiyokorogwa, mkono wa kushoto wa mlango. Nikamtolea ile katoni. Elphas alikuwa ameacha kujifanya hasikii. Wahome alifungua faili, akapekua, akatoa karatasi yangu, akaitazama kama anayetumaini itamsaidia.

"Lakini wewe ulipimwa," akasema. "Uko clean."

"Kile kikombe kiliangalia mkojo, boss. Hakikuangalia mikono."

Aliondoka na simu sikioni, akatembea kandokando ya ua mpaka mwisho wa shamba, akarudi, akaenda tena. Tuliona mkono wake ukipiga hewa. Sikuweza kumtazama Ndolo, kwa hiyo nilitazama miche. Hata katika hali ile nilijikuta nahesabu madoa kwenye jani la juu, na kujiuliza mbona moja halikupata hata doa. Huo ndio ugonjwa wangu, haujui wakati.

Wahome aliporudi alikuwa amechoka. Alisema Ndolo arudi kazini leo leo, na siku alizokaa nyumbani zitahesabiwa kuwa alikuwa kazini. Kipimo kimesimamishwa, hata wale wengine waliosimamishwa kwa vape wataitwa warudi kazini, hadi ofisi ijue inapima nini hasa. Mimi niende nyumbani, nitaandikiwa. Kalamu na koti vitachukuliwa kabatini. Hakuniambia nitaandikiwa nini na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza. Aliingia ndani na faili yake.

Tulibaki wawili kwenye ukuta. Nilingoja Ndolo aseme asante, nakiri. Wiki nzima nilikuwa nauona akilini uso wake akisema asante.

"Siku ile nilikuja kwa Kokoo wako," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nashuku."

"Na hii madoa ilitoka lini?"

Ningeweza kusema jana. Kokoo peke yake ndiye aliyejua, na Kokoo hana habari na tarehe.

"Jumamosi," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea bei. Kisha aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, na ningependa angenipigia kelele.

"Jumamosi Syokau alirudi kwao Machakos. Alisema mtu hawezi fukuzwa kazi sababu ya moshi ya stroberi. Lazima niko na kitu ingine kubwa nilifanya na namficha. Nilimwapia. Alibeba nguo ya mtoto yote."

Nilimwambia pole, Ndolo. Nilimwambia nitampigia Syokau mwenyewe, leo, sasa hivi, nimweleze kila kitu. Alivua jaketi la kanisani, akalikunja vizuri, akampa Elphas amwekee, kisha akapita getini akaelekea kwenye mabomba kunawa mikono. Nilitaka kumfuata. Elphas alinyoosha mkono kunizuia, kwa upole, akiangalia pembeni, na nikabaki nje ya geti nikitafuta namba ya Syokau kwenye simu.